Sitara ya Nyumba Katika Zama za Simu



Wazee wetu wa mwambao walipojenga nyumba, walilifikiria jicho la mpita njia kabla ya nakshi za mlango na mapambo ya ukuta. Atembeleaye mitaa ya kale ya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar huliona hilo bila kuelezwa. Nje kuna baraza la mawe, na hapo ndipo jirani, mchuuzi na mgeni asiyefahamika vyema walipoketi wakanywa kahawa. Katika nyumba nyingi za zamani, ukivuka mlango hukutani na ua moja kwa moja. Njia hupinda kwanza, ili mlango unapoachwa wazi jicho liishie ukutani. Kisha ipo sebule ya wageni, na nyuma yake kabisa ndipo vilipo vyumba vya ndani, ambako hata shemeji hakanyagi bila kuitwa.

Nyumba hiyo haikuficha kila kitu. Habari ya msiba ilitolewa barazani, mposaji alipokewa sebuleni, na mazungumzo ya mume na mke yalibaki chumbani. Kila jambo lilikuwa na mahali pake, na kila mgeni alijua mwisho wa hatua zake. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyoielewa faragha. Haikuwa kujificha na watu, bali kuliweka kila jambo katika chumba kinacholistahiki.

Leo kila mmoja wetu amebeba mfukoni nyumba ya pili ambayo haina kuta hizo. Katika simu moja zimo picha za kina mama wa nyumba wakiwa bila stara, majibu ya vipimo vya hospitali, ujumbe wa mshahara, nakala ya kitambulisho cha taifa, maneno ya ndugu waliogombana juu ya mirathi, na sauti ya mama mzee akieleza shida zake. Katika simu hiyohiyo limo baraza lenye mamia ya watu: wenzetu wa shule, wateja, wapangaji, majirani wa zamani, na wengine ambao majina yao tumeyahifadhi bila kukumbuka ni akina nani. Kati ya chumba cha ndani na baraza hilo pana mguso mmoja wa kidole gumba.

Kwa sababu hiyo napenda tulizungumze jambo hili kama familia, wala si kama kila mtu na simu yake. Mtu anaweza kuifunga simu yake kwa nywila ngumu kabisa, lakini picha yake imo katika simu ya dada yake, namba yake imo katika simu ya jirani, na habari za ugonjwa wake zimo katika kundi la WhatsApp la ukoo. Mmoja akizembea, wote wamefunguliwa mlango. Kila aliye na simu ndani ya nyumba ni bawabu wa nyumba nzima, na hana haki ya kulitoa jambo la mwenziwe bila idhini yake.

Idhini ni ya mwenye jambo

Dini yetu ilitufundisha adabu ya mlango karne nyingi kabla ya simu kuwapo. Katika Suratun-Nuur, aya ya 27, waumini wanaamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Aya ya 58 ya sura hiyohiyo inaingia ndani zaidi: inawataka hata watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa katika nyakati tatu, yaani kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mchana watu wanapopunguza nguo zao kupumzika, na baada ya sala ya isha. Mtoto ni wa nyumba hiyo, amezaliwa humo, na bado hajafikia umri wa kuwajibika. Hata hivyo anafundishwa kwamba zipo saa ambazo mlango wa wazazi wake si wake.

Humo mna mafunzo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba ukaribu si ruhusa. Mtu kuwa ndugu, mke, mume au mtoto hakumfungulii kila mlango. La pili ni kwamba ruhusa hutolewa na mwenye jambo, haitolewi na mwenye uwezo wa kuingia. Tuyachukue mafunzo hayo tuyapeleke kwenye simu. Mpwa anapompiga picha shangazi yake jikoni, ushungi ukiwa umeanguka mabegani, simu ni ya mpwa lakini sura ni ya shangazi. Dada wa kazi anapopigwa picha akiwa amesinzia, sebule ni yetu lakini heshima ni yake. Kumiliki picha hakumpi mtu haki ya kuitoa.

Kina mama wa Mombasa, Unguja na miji mingine ya pwani wameliona jambo hili mapema katika shughuli zao za harusi. Kwa kuwa ndani ya ukumbi wanawake huvua mabuibui na kukaa kwa mapambo yao, wenye shughuli wengi hutangaza kwamba simu za kamera haziruhusiwi, na wapo wanaoweka watu mlangoni wa kuzikusanya. Baadhi ya waalikwa hunung'unika wakaona wanadhaniwa vibaya. Lakini mwanamke aliyekaa humo ameondoa stara yake kwa wale waliomo ukumbini, hakuiondoa kwa waume na kaka zao. Hata kama bibi harusi ameridhia kupigwa picha, ridhaa yake haiwahusu walioketi nyuma yake. Picha ikishatoka, itahifadhiwa na mtu asiyejulikana, itatumwa kwa mwingine, na hakuna wa kuirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mgonjwa naye ana haki hiyo. Imekuwa kawaida kuona picha ya mzee wetu akiwa kitandani hospitali, mdomo wazi, mirija puani, imetumwa katika makundi matano kwa nia njema ya kuombewa dua. Mzee huyo enzi za uzima wake hakutoka nje bila kofia yake na kanzu iliyonyooshwa. Leo hana nguvu ya kukataa, nasi tumeuchukua unyonge wake kuwa ndiyo ridhaa yake. Inatosha kuandika kwamba ndugu yetu fulani anaumwa, tumwombee. Dua haihitaji picha. Na kama mgonjwa anastahiki hivyo, maiti anastahiki zaidi.

Watoto ndio wanaofichuliwa kuliko wote, tena na wanaowapenda. Mzazi humweka mwanawe kwenye hali ya WhatsApp siku ya kwanza ya shule akiwa na sare yenye nembo. Siku ya kuzaliwa huandika jina lake kamili na umri wake. Jumamosi humpiga picha mbele ya geti la madrasa. Kila picha peke yake ni furaha ya halali. Lakini mwenye nia mbaya akiziweka pamoja, anajua jina la mtoto, shule yake, siku zake za madrasa, na jina la mama yake. Anaweza kusimama njiani akamwita kwa jina na kumwambia ametumwa na mama kuja kumchukua. Mtoto huyo hataona sababu ya kumkimbia mtu anayeijua nyumba yao.

Haimaanishi tusifurahie watoto wetu. Picha ya mtoto ina sebule yake: bibi, babu, mashangazi na wajomba. WhatsApp yenyewe inakuruhusu kuchagua nani aione hali yako na nani asiione, na mpangilio huo haukuchukui dakika moja. Tufunike nembo ya shule, tusitaje mahali tulipo mpaka tumeshaondoka, na tusiwapige picha watoto wakiwa wanaoga au wakiwa uchi, hata wakiwa wadogo kiasi gani. Watakua, na picha zitawasubiri.

Mkopo wa simu na majina ya ndugu zako

Mlango mwingine ni ule tunaoufungua kwa kubonyeza neno “Ruhusu” bila kusoma. Tuchukue mfano wa mama muuza vitafunwa anayehitaji shilingi 50,000 za unga na mafuta. Anaona tangazo la mkopo wa haraka usio na dhamana, anapakua programu, na kabla ya kupewa fedha anaulizwa maswali manne: je, programu isome majina yaliyomo kwenye simu yako? Isome ujumbe wako? Ifungue picha zako? Ijue mahali ulipo? Shida imemshika, anaruhusu yote. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe unaanza kumiminika kwa mkwewe, kwa mwalimu wa watoto, kwa mteja wake mkubwa na kwa jirani: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Huyu anaambiwa yeye ndiye mdhamini, na wala hajawahi kusikia habari za mkopo huo.

Hapa siingii katika riba, maana hukumu yake inajulikana na ina wataalamu wake. Naliangalia jambo la pili ambalo halizungumzwi sana. Mama yule alidhani ameweka rehani heshima yake mwenyewe, kumbe ameweka rehani namba za watu mia tatu ambao hakuwauliza. Dhamana iliyotajwa kuwa haipo ilikuwapo, nayo ilikuwa ni aibu.

Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, ikawataka wananchi wajiepushe nayo. Kabla ya hapo, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, duka la programu la Google lilipiga marufuku programu za mikopo kusoma majina na picha zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Kwa hiyo programu inayokujia kwa kiungo cha ujumbe, ikakutaka uisakinishe nje ya duka rasmi, ina jambo inalolikwepa. Iache.

Wala tusidhani hatari iko katika mikopo peke yake. Mnamo Novemba 2020 jarida la Motherboard la Marekani liliripoti kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, zilikuwa zikifika kwa kampuni iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo iliziuza kwa wakandarasi, na kupitia kwao zikalifikia jeshi la Marekani. Baada ya habari kutoka, wenye programu walitangaza kukatisha uhusiano na X-Mode. Waislamu wa nchi nyingi walisononeka, maana mtu alikuwa akitafuta kibla, si kutafutwa.

Funzo si kwamba tuache kutumia programu za adhana. Funzo ni kuuliza kila programu: unachokiomba kina uhusiano gani na kazi yako? Programu ya tochi haina haja ya majina ya ndugu zako. Programu ya kibla inaweza kuhitaji kujua ulipo wakati unaitumia, lakini haihitaji kujua ulipo usiku kucha ukiwa umelala. Ya nyakati za sala, aghalabu unaweza kuiandikia jina la mji wako kwa mkono, isihitaji kukufuata. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya programu, kisha ruhusa, uzipitie moja baada ya moja. Pale panapokuwa na chaguo la kuruhusu wakati wa kutumia tu, lichague hilo.

Vijidirisha vya kila siku

Siri nyingi hazitoki kwa wataalamu wa kompyuta. Hutoka steshenari. Mtu anahitaji kutoa nakala ya kitambulisho au cheti cha ndoa. Anamtumia kijana wa steshenari kwa WhatsApp, au anafungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya duka, karatasi inachapwa, analipa anaondoka. Faili limebaki dukani pamoja na mafaili ya mtaa mzima. Simama mpaka lifutwe, hata kwenye pipa la taka la kompyuta, na uhakikishe umetoka kwenye barua pepe yako. Tena ni busara, unapotoa nakala ya kitambulisho, kuandika juu yake kwa kalamu kazi iliyokusudiwa na tarehe, ili nakala hiyo isije ikatumika kwa jambo jingine.

Namba ya kitambulisho cha taifa nayo si tarakimu za bure. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayefanya mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu, kila anayekiona kitambulisho chake anaiona na namba yenyewe. Na kwa kuwa laini zetu husajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, piga *106# mara kwa mara uangalie namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika uiondoe. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakaloonekana ni lako.

Kwa wakala wa fedha, ingiza namba ya siri mwenyewe, usimtajie hata kama macho hayaoni vizuri na foleni ni ndefu. Mzee asiyeweza kuandika aende na mwanawe anayemwamini. Kwa fundi simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kukabidhi, na kama kazi ni kubadilisha kioo, uliza kama unaweza kusubiri hapohapo. Unapouza simu ya zamani au kumpa kijana wa nyumbani, futa kila kitu kwa kuirejesha katika hali ya kiwandani. Kufuta picha moja moja hakutoshi.

Na ipo hila ambayo imezisumbua familia nyingi. Inaingia meseji yenye tarakimu 6, kisha mtu unayemfahamu anakuandikia kwamba namba hiyo imekuja kwako kwa bahati mbaya, umrudishie. Namba hiyo ni ufunguo wa WhatsApp yako, na anayekuandikia si rafiki yako. Ni mwizi aliyekwisha kuichukua akaunti ya rafiki yako. Ukimpa, atawaandikia wazazi wako kwa jina lako na picha yako kwamba umekwama, wakutumie fedha. Mama hatapiga simu kuhakiki. Atatuma, kwa sababu ni mwanawe. Dawa yake ni mbili: tarakimu hizo hapewi mtu yeyote, na ndani ya WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, ambao unaweka namba nyingine ya siri unayoijua wewe peke yako. Ujumbe wa kitapeli, kama ule wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, upeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kulinda si kupekua

Baada ya kusema yote haya, yupo atakayeuliza: je, mume ana haki ya kuisoma simu ya mkewe, na mke ya mumewe? Katika Suratul-Hujuraat, aya ya 12, tumekatazwa dhana mbaya, kuchunguzana aibu na kusengenyana, na vitu hivyo vitatu vimetajwa pamoja kwa kuwa hufuatana. Mtu huanza na dhana, dhana humpeleka kuchungulia, na alichokiona hukipeleka kwa wengine. Ndoa ngapi zimefikishwa kwa mashekhe na ushahidi ni picha ya mazungumzo iliyochukuliwa usiku mwenziwe akiwa amelala? Wakati mwingine mazungumzo hayo ni ya dada aliyemwamini mke kwa siri ya tumbo lake, au ya rafiki aliyemweleza mume madeni yake. Aliyepekua hakuvunja sitara ya mwenzi wake pekee. Amevunja na ya mtu wa tatu ambaye hana ugomvi naye.

Mume na mke wanaweza kukubaliana kujuana nywila kwa ajili ya dharura, na hilo ni jema. Kukubaliana ni idhini. Kuvizia ni jambo jingine. Mwenye shaka ya kweli na amwulize mwenziwe uso kwa uso, na wakishindwana wawaite wazee.

Kwa watoto hali ni tofauti, maana mzazi ameulizwa juu yao. Mitandao mingi mikubwa imeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujiunga, na mzazi anayemdanganyia mwanawe umri amemwingiza mahali ambapo hata wenyewe wamesema hapamfai. Mtoto mdogo atumie simu sebuleni, si chumbani mlango umefungwa. Na kijana aelezwe mapema kwamba wazazi wataangalia, wataangalia nini, na kwa nini. Usimamizi wa wazi humfunza kijana kujisimamia. Akigundua kwamba alikuwa akichunguzwa kwa siri, atakachojifunza ni kuficha vizuri zaidi.

Muhimu kuliko yote, ajue kwamba akiharibikiwa ana pa kukimbilia. Wapo wanaowahadaa vijana wetu, wa kike na wa kiume, mpaka watume picha, kisha wanawatisha kwamba zitasambazwa wasipotoa fedha au wasipotuma nyingine. Nguvu yote ya mtu huyo imo katika hofu ya kijana kwamba baba atamuua na mama atamlaani. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini nani atakayefichua maradhi yake kwa tabibu mwenye fimbo? Binti akija na jambo kama hilo, kwanza asikizwe na atulizwe. Asitume fedha, maana anayelipa mara moja hudaiwa tena. Ujumbe wote uhifadhiwe, usifutwe, na mzazi aende naye polisi. Maswali ya ilikuwaje yana wakati wake baadaye.

Sheria nayo imesimama

Baadhi yetu tunadhani mambo haya ni adabu tu, asiye na adabu hana la kufanywa. Sivyo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeundwa kuisimamia. Sheria hiyo imeziweka taarifa za watoto, za afya, za miamala ya fedha na alama za vidole katika kundi la taarifa nyeti. Mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani, kutaka zirekebishwe au zifutwe, na kupeleka malalamiko kwenye Tume.

Kwa jirani zetu wa Kenya tumeshaona sheria ya namna hii ikiuma. Mnamo Septemba 2023 ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa nchini humo iliwatoza faini watu watatu kwa pamoja: kampuni ya mikopo ya simu, shilingi 2,975,000 za Kenya, ukumbi wa starehe uliochapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, shilingi 1,850,000, na shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, shilingi 4,550,000. Faini kubwa kuliko zote iliiangukia shule. Walimu wetu wa madrasa na wakuu wa shule zetu za Kiislamu wanaotangaza mahafali na mashindano kwa picha za watoto na waizingatie habari hiyo. Fomu ya kujiunga iwe na swali la ridhaa, na mzazi anayekataa asinuniwe.

Nusu saa ya kikao

Nimalizie kwa ombi. Wiki hii, baada ya sala ya isha au baada ya chakula cha mchana siku ya mapumziko, kaeni kikao cha nusu saa nyumbani, kila mtu na simu yake mkononi.

Kwanza, kila mmoja apitie ruhusa za programu zake na kufuta asizozitumia. Pili, kila mmoja awashe uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp, na aangalie sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kama pana kompyuta asiyoitambua. Tatu, wote wapige *106#. Nne, mtoto mkubwa amsaidie bibi na babu kufanya hayohayo, kwa upole, maana wao ndio wanaowindwa zaidi na matapeli. Tano, familia ikubaliane juu ya neno moja la siri ambalo atakayeomba fedha kwa dharura lazima alitaje, na mtoto ajue kwamba mtu aliyetumwa kumchukua shuleni bila neno hilo hakutumwa.

Jambo la sita ni zito kidogo kuliko hayo, nalo halihitaji ujuzi wa simu. Kila mmoja aulizwe: je, ipo picha yako au habari yako ambayo mmoja wetu aliitoa, nawe hukupenda? Wazazi wakae kimya wasikilize. Yamkini mtoto wa miaka kumi ana jibu. Iliyotajwa ifutwe palepale, na aliyeituma aombe radhi, hata akiwa baba.

Allah azisitiri nyumba zetu na aibu zetu, hapa duniani na kesho Akhera. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.